Historia ya Kaka Yetu Kigugumizi, na Santuri Iliyomfundisha Gitaa

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba niwasomee polepole maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Kigugumizi, ingawa ulimi wake ulikuwa mwepesi, na lenye kigugumizi lilikuwa gitaa lake.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1950, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la baba, palipokuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, gramafoni, na santuri moja tu, albamu ya mpiga gitaa mmoja wa zamani, ambayo baba aliipiga tangu asubuhi mpaka anafunga duka, hata wateja wakamwuliza kama ameajiriwa kuitangaza. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, walimu wakimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kugonga dawati.

Gitaa alijifunza mwenyewe kwa kuifuata santuri ile, na katika wimbo wa tatu, mahali ambapo gitaa linarudia sauti moja kama mtu aliyekwamwa na neno kooni, kisha linaruka na kuendelea, hapo alihangaika mwaka mzima mpaka vidole vikaota sugu.

Mwaka 1973, akiwa fundi wa kupaka rangi katika karakana ya samani, alianzisha bendi pamoja na rafiki yake mpiga dramu, na kukwama kule kukawa ndiyo alama ya bendi, wachezaji ukumbini wakisimama mguu juu, wakingoja gitaa lijinasue ndipo waushushe. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na dada wa mpiga dramu, Mungu akawajalia watoto watatu, na marafiki wale wakawa mashemeji.

Mwaka 1987 bendi nyingine ikaanza kupiga vilevile. Mpiga dramu alitaka wapingwe hadharani, akasema, "Shemeji, huu mtindo ni wetu, tumeutolea jasho," lakini kaka yetu, aliyemcha Mungu na asiyetaka kujivika sifa ya mwingine, akajibu kuwa mtindo ni wa yule mzee wa kwenye santuri, na kila mwenye masikio anaruhusiwa kuuchukua. Shemeji akakusanya vijiti vyake, akaihama bendi, na nyumba ikawa nzito, kwa kuwa mama watoto alikuwa mke huku na dada kule, na jina la kaka yake likitajwa mezani, kila mtu anaangalia sahani yake.

Jumamosi ya tarehe 6 Juni 2009 redio iliwaita wanamuziki, kila mmoja aeleze albamu iliyomlea, na wawili wale wakajikuta wameketi meza moja. Kaka yetu aliitaja santuri ya baba, kama siku zote. Ndipo shemeji akatoa mfukoni nakala nyingine ya albamu ileile, safi, aliyoisaka kwa miaka, akaomba upigwe wimbo wa tatu. Ulipofika mahali penyewe, gitaa halikukwama, lilipita laini kama maji, na kaka yetu akanyamaza hata sisi nyumbani tukaipiga redio makofi tukidhani betri zimekwisha. "Sasa sema, shemeji," mpiga dramu akamwambia, "huyo mzee wako hicho kigugumizi alikiweka wapi?" Kabla hajajibu, mama yetu, aliyekuwa hai bado, akapiga simu studio, akasema hewani, "Mwanangu, ile santuri ilikuwa na mkwaruzo, baba yako aliiangushia mkasi hujajua hata kutembea, mbona hukuniuliza?" Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa, lakini wale wawili hawakucheka, kwa kuwa shemeji alikuwa akingoja neno moja tu, na kaka yetu, kwa kuogopa majivuno, akasema, "Basi si wangu wala si wako, ni wa mkasi." Shemeji akasimama. "Hata leo umeshindwa kusema ni wetu," akasema, akatoka.

Baadaye kaka yetu alimweleza mkewe kwamba alipofika nyumbani ndipo alipoelewa kuwa hakuombwa kujisifu, aliombwa kushukuru, na mara nyingi alishika simu ampigie shemeji, akairudisha mezani.

Februari 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalala, na maneno yakawa yanatoka kwa taabu. Jumatatu ya tarehe 10 Oktoba mkewe alimwambia kuwa shemeji ameketi kwenye benchi nje ya wodi, haingii wala haondoki, naye akasema, "Mwambie aingie. Mwambie ni wetu." Mkewe alipotoka kumwita, benchi lilikuwa tupu, na asubuhi ya tarehe 11 Bwana akamchukua. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani waliotuletea viti, maji na mabega yao, mafundi wa karakana, na wanamuziki wote mlioweka vyombo chini mkaja. Na wewe shemeji, uliyesimama kule nyuma karibu na geti, tumekupigia simu tangu siku ile hukupokea, ndiyo maana ujumbe aliokuachia tumeusoma mbele ya watu, nafasi yako iko hapa, kando ya dada yako, na jeneza halitashushwa kabla hujaingia.

Kaka yetu, upumzike kwa amani ya Bwana, tunamngoja shemeji.