Mume Hatajwi

Katika behewa la wanawake, treni ya kwenda Pune, Venutai alijifanya anatazama mashamba ya mtama. Kumbe masikio yote yalikuwa kwa abiria wawili waliomkabili. Walikuwa wakizozania kijitabu alichokiandika yeye mwenyewe, bila kutia jina lake.

"Sikiliza, mama," alisema mmoja wao, mke kijana, akasoma. "'Mumeo anakuita punda mbele ya wageni, nawe jina lake huthubutu kulitamka. Litamke. Hatakufa.'"

"Hayo kaandika mwanamume," akajibu mwenzake, mama mtu mzima, tambuu shavuni. "Ukimtaja mumeo unampunguzia umri."

"Wangu nimemtaja mara mbili, jikoni. Bado anamaliza mikate yote."

"Jikoni kila mtu simba, mwanangu."

Venutai akauma ncha ya sari asicheke.

Treni ikasimama Pune. Mumewe Venutai huyo, anapita mbio jukwaani kuelekea behewa jingine. Venutai akatoa kichwa dirishani, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Jina la mumewe halikutoka; akakimbilia la mtoto wao.

"Baba Gangu," akaita. "Baba Gangu, niko huku."

"Umemsikia?" mama akamwambia kijana. "Huyo ndiye aliyefunzwa kwao. Si huyo mwandishi wako."