Fundi Makofi na Stoo Isiyojibu

Marehemu shemeji yangu aliingia kwenye yadi yangu ya magodoro na samani kuukuu tarehe 14 Juni 1993, saa nne asubuhi, akapiga makofi mawili. Hakuuliza bei. Alisimama mbele ya kila rundo, akapiga makofi, akainamisha kichwa.

Nikamwambia, "Bwana, kama ni mbu, hapa hawapo."

"Nasikiliza, mkubwa. Godoro zuri halirudishi sauti."

Akachagua magodoro ya pamba yaliyonyeshewa na kukauka vibaya, ambayo mimi nilikuwa nimeshayatoa kwenye hesabu ya mali. Nilifunga duka nikijua nimempata mteja mjinga. Maoni hayo nimekuja kuyarekebisha.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba dereva wa treni na mama mshonaji. Mama alikuwa akisema mtoto huyu halali ila chini ya meza ya cherehani. Cherehani ikinyamaza, yeye anaanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, na sekondari hadi 1978. Mwalimu wa hesabu alimtoa nje mara nyingi kwa kugonga dawati. Akifika nje, anagonga mlango. Mwaka 1980 alihitimu useremala, akatengeneza makabati kwa miaka kumi na mitatu, na mwisho wa wiki akapiga gitaa kwenye harusi za watu.

Tamaa yake ilikuwa kurekodi waimbaji na wapiga gitaa wa mtaani, ambao studio kubwa hawakuziweza. Januari 1994 akaiomba stoo yangu ya nyuma ya yadi: mita nne kwa tatu, kuta za saruji, ukikohoa ndani unasikia watu wanne. Tukapatana hivi: halipi kodi, ila siku nitakaposifu rekodi yake kwa kinywa changu, ananirudishia chumba. Nilipiga hesabu ya miezi mitatu. Kusifu ni kazi gani?

Kosa lake la kwanza alilifanya kwa bidii. Alibandika trei za mayai mia mbili na arobaini, kwa kuwa mtaa mzima uliapa kwamba trei za mayai zinakula sauti. Zilikula gundi. Gitaa likaendelea kunguruma kwenye kona kama ng'ombe aliyefungiwa, na panya wakahamia. Rekodi ya kwanza hata mwongo asingeisifu.

Akabandua zote. Akaunda fremu za mbao, akashindilia pamba ya magodoro yangu, akazivika kitambaa, akazitundika zikiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Kona nne akazijaza kutoka sakafuni hadi darini. Mwimbaji akamsimamisha akiipa mgongo blanketi nzito. Ukuta mmoja akauacha mbao tupu.

"Huo umeusahau," nikamwambia.

"Sikuusahau, shemeji mtarajiwa. Gitaa linataka kupumua. Ukimfunika mtu mpaka pua, ataimba?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba anamtazama dada yangu mdogo. Watu walidhani chumba kile kinazuia kelele za nje. Jogoo wa jirani alisikika humo vizuri kuliko alivyosikika kwenye banda lake. Kazi ya chumba ilikuwa moja: mtu akiimba, isikike sauti yake peke yake, bila kuta kumdakia.

Alifunga ndoa na mdogo wangu, mwimbaji wa kwaya, tarehe 17 Agosti 1996. Nilimhoji kama ilivyopasa: "Una nini?" Akajibu, "Nina chumba kisichojibu." Mdogo wangu akadakia, "Kaka, nimekaa na wewe miaka ishirini unajibu kila neno. Niache niende huko."

Kila rekodi aliniita, akauliza, "Vipi, shemeji?" Nami nikajibu, "Inapitika." Nyingi zilikuwa nzuri. Lakini ningesifu, dada yangu na watoto wangekula nini?

Mei 2021 figo zilianza kumsumbua, akawa mtu wa hospitali mara mbili kwa wiki. Aliyewarekodi watu wote alikuwa hajajirekodi. Tarehe 11 Januari 2023 akaketi kwenye kigoda chake, mkewe akaimba, yeye akapiga gitaa. Kisha akaniita.

"Funga mlango. Leo usinionee huruma. Nataka neno la mfanyabiashara."

Nikasikiliza. Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Nilitafuta kasoro jinsi ninavyotafuta kunguni, mshono kwa mshono. Sikuiona.

"Ni nzuri," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilikuwa kimoja tu. "Miaka ishirini na tisa! Haya, chukua stoo yako."

Alifariki tarehe 2 Februari 2023, saa tatu asubuhi, hospitalini, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu watano, na mimi shemeji yake.

Tulivyoachana ni hivi. Yeye alipata neno moja alilolingoja tangu ujana. Mimi nilipata stoo. Jana niliingia kupima kama itatosha makabati manane. Nikapiga makofi mawili, kimya. Nikasema, "Vipi, shemeji?" Kimya. Nikatoka, nikampa ufunguo binti yake mkubwa, ambaye tayari ana waimbaji wawili wanaomsubiri, kwa masharti yale yale. Mapatano ya chumba hiki nimeshindwa mara mbili sasa, na binti ameshaanza kuniuliza, "Vipi, mjomba?"

Inapitika.

Mungu ampumzishe Fundi Makofi mahali patulivu, patakapopendeza sikio lake.