Kisima Kilichosuguliwa kwa Ajili ya Mgeni

Ndani ya gari la kutoka Lumino, Caro aliweka mfuko wake wa dagaa miguuni na kusikiliza mazungumzo ya kiti cha mbele bila haya. Kijana wa idara ya maji, jina lake Bwire kwa kitambulisho cha shingoni, alikuwa amepakata boksi la barafu kama mtoto mchanga.

"Wewe ndio ulichota maji ya kisima yetu leo?" akauliza mama aliyeketi kando yake.

"Ndiyo, mama. Chupa zimepigwa lakiri, saa imeandikwa, mashahidi wawili wametia sahihi. Wale wa kiwanda cha ngozi wanaochafua maji yenu wakibisha mahakamani, sheria iko na sisi."

Caro, anayevuka mpaka kila siku, alimpenda mtu mwenye karatasi kamili.

"Na maji iko safi," mama akasema kwa fahari. "Tulisikia mgeni nakuja. Jana tukasugua kisima yote, tukamwaga na dawa ya madoa. Mgeni haonyeshwi uchafu."

Bwire akalitazama boksi lake. "Mama, mimi nilifuata huo uchafu. Dawa ikiingia, kipimo hakisemi kweli."

"Kwenu hamfagii mgeni akija?"

"Tunafagia," alikiri, akicheka. Akatoa fomu, akaandika mistari miwili kuhusu ile dawa chini kabisa. "Basi nitarudi."

"Karibu sana. Lini?"

"Hiyo ndiyo siwezi kukuambia."

Gari likasimama Busia. Mama akashuka, akajifunga leso vizuri, kisha akamgeukia Bwire dirishani.

"Basi utakuta hatujapika."