Godefroid Kalenga, Aliyepiga Picha za Watu wa Makomeno (1961–2025)

Godefroid Kalenga alizaliwa Kongolo, kaskazini mwa Katanga, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Papa Mathias Kalenga na Mama Jeanne Mujinga. Papa Mathias alikuwa akitengeneza njia za reli, na reli hiyohiyo ndiyo iliyoihamishia familia Lubumbashi mwaka 1966, katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Makomeno. Mama Jeanne alisimulia hata uzeeni kwamba katika safari ile ndefu Godefroid alikataa katakata kulala. Alishinda dirishani, na kila mtu aliyesimama kando ya reli akawapungia mkono, mtoto alimgeukia mama yake na kuuliza, "Ule anaitwa nani?" Mama akachoka, akaanza kuwabunia majina.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha shule ya ufundi, akapata diploma ya umeme mwaka 1980. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Benchi lake aligawana na Anaclet Lombe, mtoto wa wakulima ambao ukoo wao ulilima ardhi hii kabla mji haujaifikia. Mashamba yao yako huko ambako leo tunakuita Annexe. Anaclet alileta mahindi ya kuchemsha, Godefroid alimsaidia hesabu. Hawakuachana, na walimu waliwaita mapacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwingine hakufika begani kwake.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye reli kama fundi wa taa za ishara, na miaka miwili baadaye alitumwa Sakania, mpakani. Huko kulikuwa na msichana mmoja, Albertine Chilufya, aliyekuja kituoni kila siku kuuliza treni itafika saa ngapi. Ilimchukua Godefroid miezi minne kugundua kwamba msichana yule hakuwa na safari yoyote. Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Agosti 1988, na Anaclet ndiye aliyesimama kando yake kama shahidi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Aristote, Joëlle na Mukuka. Mwaka 1994 walirudi Makomeno, na Godefroid akaendelea na taa zake hadi alipostaafu Desemba 2016. Alikuwa mtu wa saa. Akisema anakuja saa tatu, saa tatu utamkuta mlangoni.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili aliponunua kamera yake ya kwanza, kuukuu, kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anahama mji. Mama Albertine aliwaambia majirani, "Benzake mu ile myaka banatafutaka bibi ya pili. Wangu anatafuta apareyi ya foto. Mungu, aksante." Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu kwanza.

Mwaka 2017 binti yake Joëlle alimfungulia ukurasa kwenye Facebook, wakauita "Bantu ba Makomeno". Kila Jumapili, baada ya misa, aliweka picha moja, jina la mtu na sentensi mbili. Tuliona pale Mama Chisanga, muuza makala, yaani mkaa wa kupikia, akicheka na vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Tuliona wazee wa reli wakiwa wamevaa kofia za kazi ambazo wake zao walidhani zilishatupwa. Watu waliandika kutoka Ndola, Johannesburg, Brussels: "Ule ni shangazi yangu! Bado iko muzima?" Godefroid alimjibu kila mmoja, kwa adabu ya barua: "Asante sana, na salamu kwa familia yote." Aliwajibu hivyohivyo hata waliokuja pale kutangaza dawa za kunenepesha.

Sasa inabidi kusema jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe.

Juni 2019 alikwenda Annexe kumtembelea Anaclet wakati wa mavuno. Anaclet alikuwa amefiwa na mke miaka miwili nyuma, na tangu hapo alizoea kunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Siku ile alilala juu ya rundo la mahindi, shati wazi, mdomo wazi, chupa karibu na mkono. Jua lilipenya katika vumbi la mahindi na kumwangukia usoni. Godefroid alipiga picha zipatazo thelathini. Jumapili tarehe 16 alichagua moja, akaiweka na maneno haya: "Anaclet Lombe, rafiki yangu, anapumzika baada ya kuvuna." Aliamini ni picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Huenda ilikuwa hivyo.

Kufika Jumanne watu elfu kumi na moja walikuwa wameiona. Wengi hawakuona mwanga. Waliona mlevi. Waliikata, wakaiandikia vichekesho, wakarushiana kwenye simu. Anaclet alikuwa na binti mmoja, Sephora, ambaye ndoa yake ilikuwa imepangwa Agosti. Wajomba wa kijana waliiona picha hiyo, wakarudisha jibu kwamba hawaoi katika nyumba ile. Ndoa ikafa hapo.

Alhamisi Anaclet alifika Makomeno kwa miguu, saa sita mchana, akiwa hajanywa kitu. Hakukaa.

"Godefroid, ile foto uliikamata miye nalala?"

"Ndiyo, pacha. Iko foto muzuri sana. Bantu banaipenda."

"Uliniuliza?"

Godefroid alimsogezea kiti.

"Mutoto wangu iko analia siku tatu mu nyumba," Anaclet alisema. "Na weye unaniambia iko muzuri."

Aliondoka bila kugusa maji ambayo Mama Albertine alikuwa amemletea, na mlango akaurudisha polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha wagonjwa.

Godefroid aliifuta picha saa ileile. Joëlle alimweleza ukweli: "Papa, kwako inaisha. Kwa bantu haiishe." Hakukubali. Kwa wiki tatu alimwandikia mmoja mmoja kila aliyeisambaza, akimsihi aiondoe. Wengine waliondoa. Wengine walimcheka, na wawili walimtukana. Mwishowe aliufunga ukurasa, kamera akaitia kabatini chini ya mashuka.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alikwenda Annexe kuomba msamaha. Kila Jumamosi Anaclet alimwona akikaribia, akasimama, akaingia ndani. Hakumfukuza, wala hakumtukana. Godefroid aliketi kizingitini nusu saa, akasema kwa mlango uliofungwa kwamba ni yeye, amekuja, kisha akarudi. Mvua ilimkuta pale, na jua pia. Isipokuwa majuma ambayo ugonjwa ule wa dunia nzima ulifunga njia, hakukosa Jumamosi hata moja, kwa zaidi ya mwaka. Alhamisi tarehe 8 Oktoba 2020, Anaclet Lombe alifariki kwa ugonjwa wa ini. Hawakuwa wamesemezana tena. Familia haitapamba habari hii: hawakupatana.

Kesho yake Sephora alibisha mlango wa Makomeno. Godefroid alipomwona alisimama.

"Papa Godefroid," Sephora alisema, "tunatafuta foto ya papa ya kutia ku sanduku. Hatuna. Foto yake njo ile moja tu ya kwako, na ile hatuwezi."

Akaitoa kamera chini ya mashuka. Picha zote thelathini zilikuwa bado zimo. Wakazipitia pamoja, mezani, binti akigeuza uso kila baba yake alipoonekana amelala. Kwenye ile ya mwisho kabisa Anaclet alikuwa ameamka. Ameketi, nywele zimejaa nyuzi za mahindi, anamwangalia rafiki yake moja kwa moja na kucheka. Godefroid hakuwahi kuiweka ukurasani kwa sababu aliiona ya kawaida. Sephora aliigusa kwa kidole.

"Njo yeye," alisema. "Ule njo papa."

Ilichapishwa siku hiyohiyo, na ndiyo iliyokuwa juu ya jeneza. Godefroid alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, karibu na barabara.

Ukurasa aliufungua tena Pasaka ya mwaka 2021, lakini mambo hayakuwa kama zamani. Alichapisha picha kwenye karatasi kwanza, akaipeleka kwa mwenyewe nyumbani kwake, akaketi, akauliza. Aliyekataa aliachiwa picha yake mkononi, na ndani ya kamera ikafutwa mbele ya macho yake. Wengi walikataa. Mwezi mwingine haikupatikana hata moja, na wafuasi wakapungua hadi mia chache. Mshiriki mmoja wa kwaya alimwambia kanisani kwamba ameua ukurasa wake kwa mikono yake. Alijibu, "Iache ikufe pole pole. Hainaumiza muntu."

Kikohozi kilimwanza mwaka 2023, kikamla kidogo kidogo. Madaktari walisema ni mapafu. Novemba 2024 alilazwa, akatoka, akalazwa tena baada ya Noeli. Akiwa hospitalini alimwita Joëlle karibu, maana pumzi haikumtosha kusema kwa sauti.

"Siku mutasoma maisha yangu, musinipake mafuta. Museme ya Anaclet. Museme sikusamehewa."

"Papa, lakini Sephora? Yeye alikusamehe."

"Sephora aliomba foto," alisema. "Kusamehe iko kintu ingine. Sikumuulizaka."

Sephora alikuja mwenyewe, Jumapili tarehe 2 Februari, na uji ndani ya kopo lililofungwa kitambaa. Alimlisha kijiko kwa kijiko. Dirisha lilikuwa nyuma yake na mvua ilikuwa imekatika wakati huohuo, chumba kikajaa mwanga mweupe. Kamera ilikuwa juu ya kimeza. Hakuweza kulala bila kuiona. Aliivuta kwa shida mpaka kifuani.

"Naweza?" aliuliza.

Sephora alifikiri. "Hapana, Papa. Leo hapana."

Akairudisha mezani. Wote waliokuwa chumbani walimwona akitabasamu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Noeli. "Aksante kuniambia," alisema. Sephora akachota kijiko kingine, naye akafungua kinywa. Alikaa naye hadi wauguzi walipomwambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha.

Godefroid Kalenga alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mama Albertine akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha mke wake, Mama Albertine Chilufya. Watoto wake, Aristote aliyeko Kolwezi, Joëlle na Mukuka. Wajukuu watano, wa mwisho akiwa Abigaïl mwenye miezi saba. Na mdogo wake Adalbert, anayewasomea maneno haya. Katika waombolezaji wa familia yuko pia Sephora Lombe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba jina lake liandikwe hapa.

Pale ambapo mwanadamu hakuwahi kumjibu, Mungu amjibu. Apumzike kwa amani.