Firmin Kashindi, kinyozi wa Mulongwe aliyepima ngumi kwa haki

Ndugu na majirani, nanyi mliotoka Luberizi na Katogota tangu alfajiri, Mungu awalipe kwa miguu yenu. Tumekuja kumrudisha kwa Baba ndugu huyu aliyetupatia kwa miaka arobaini na saba. Mimi ni Bernardine, dada yake mkubwa. Masista walinifundisha kusoma na kuandika, wakaishia hapo, basi nitasema tu yale ninayoyajua.

Firmin Kashindi alizaliwa hapa Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira, tarehe 12 Machi 1910, mtoto wa nne wa marehemu baba yetu Kashindi, mvuvi, na marehemu mama yetu Nabintu. Mvua zilikuwa zimejaza mto. Mama alishikwa na uchungu akitoka shambani, akavuka maji yakimfika kiunoni, akajifungulia katika nyumba ya kwanza aliyoikuta. Firmin alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka 1922.

Alisoma miaka minne katika shule ya misioni. Hesabu aliipenda, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kuimba ndiko kulimshinda kabisa. Padri alimwomba kwa upole apige kengele wakati wenzake wanaimba, naye alifurahi sana, akaipiga kengele ile hata alipokuwa na ndevu.

Mwaka 1929 alipata kazi ya kutia kuni katika meli iliyokwenda Albertville na Kigoma. Huko Albertville ndiko alikoona mchezo wa bokse kwa mara ya kwanza, akarudi nao moyoni kama wengine walivyorudi na vitambaa. Tarehe 7 Julai 1934 alifunga ndoa na Sabine, binti wa Kalundu, mbele ya altare. Sabine ni shahidi kwamba katika miaka ishirini na mitatu hakuinuliwa mkono hata siku moja na mtu huyu aliyependa ngumi hivyo. Mwaka 1940 moto wa meli ulimuunguza bega, akaacha kazi ya maji. Alinunua makasi, wembe na kioo, akafungua kazi ya unyozi kwenye baraza lake, karibu na njia ya soko.

Baraza lile wote mnalijua. Miaka hii ya nyuma, habari yake ilikuwa moja tu: kati ya wapiganaji wawili wazito wa upande wetu, nani mkubwa? Watu wa ziwani walisema ni Protais, mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu, mwanangu mimi wa kuzaa, mpwa wa marehemu. Watu wa bonde la Ruzizi walisema ni Sévère Habonimana, mkulima wa mpunga wa Luberizi. Hapo Firmin aliweka sheria yake. Mtu akikaa kwenye kiti akitaka kumsema bingwa wake, alipaswa kwanza kutaja uzuri wa yule mwingine. Asipoutaja, wembe unasimama.

Révérien, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, yuko hapa na ananiruhusu kusimulia. Siku moja alikuwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa, akaanza:

«Ule Sévère haiko na kitu! Iko kama ng'ombe kwenye mulango. Unamuchapa, anasimama tu.»

Mama Apollinarie, aliyeleta maziwa kutoka bondeni, alimjibu akiwa bado na chungu kichwani: «Weye wa samaki, nyamaza! Protais wenu anarusha mikono kama muntu anafukuza nzi.»

«Nzi? Muulize ule mupiganaji wa Bukavu aliyelala chini kama ilikuwa nzi!»

Firmin aliinua wembe. «Révérien, sema kwanza uzuri wa Sévère. Halafu nitamaliza huu upande.»

«Haiko na uzuri.»

«Basi na kichwa yako haiko na upande wa pili. Kwenda salama, ndugu yangu.»

Révérien aliondoka na nusu ya nywele. Aliuza ndagala kesho yake na nusu ya nywele, na watoto walimfuata wakiimba. Ilipokaribia Misa ya Jumapili alirudi, akakaa, akasema akiangalia ukuta: «Sévère anavumilia. Protais anachoka, yeye hachoke. Sasa nyoa!» Firmin akamgeukia Mama Apollinarie: «Na weye, mama?» Naye akasema, kana kwamba anang'olewa jino: «Mukono wa kushoto wa Protais unafika kabla macho haijauona.» Watu wakacheka, maziwa yakanywewa, na hakuna aliyepigana kwenye baraza lile hata siku moja.

Kwa sababu hiyo pande zote mbili zilimtaka awe mwamuzi. Tarehe 14 Agosti 1955, siku moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, Protais na Sévère walikutana uwanjani hapa Uvira. Mshindi angekwenda Usumbura kugombea ubingwa na wazito wa huko. Waamuzi walikuwa watatu: karani mmoja, mwalimu mmoja na Firmin. Rauni nane ziliisha, wote wawili wamesimama. Karani alimpa Protais. Mwalimu alimpa Sévère. Watu wote wakamtazama Firmin, na mimi nilikuwa mmoja wao, rozari mkononi. Alisimama akasema: «Sévère.»

Upande wa bonde ulilipuka kwa shangwe. Upande wetu maneno yakaanza. «Amekula muchele wa Luberizi.» «Ameuza damu yake.» Sévère alipokwenda Usumbura akashindwa, yakazidi: «Munaona? Protais angeshinda kule!» Wateja wa ziwani walianza kupitia njia nyingine ili wasipite mbele ya kioo chake. Wengine walifuga nywele kama manabii kuliko kukaa kwenye kiti chake. Protais naye, aliyelelewa nusu ya utoto wake katika nyumba ile, hakuweka tena mguu kwa mjomba wake.

Sabine alimsihi: «Waeleze basi, baba Honorine. Waambie ulichoona.»

Alijibu: «Nilisema pale uwanjani. Nikirudia, watazani nilikuwa na mashaka.»

Hakusema tena. Alinyoa wachache waliobaki, akapiga kengele ya kanisa, na hakuna aliyemsikia akimsema vibaya Protais. Lakini mtu aliyeishi kwa jina lake la haki, jina hilo lilichafuliwa miaka miwili mbele ya macho yake, na sisi wa nyumbani tuliona lilivyomla.

Mwezi wa Septemba mwaka huu wa 1957 miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo. Tarehe 20 Oktoba hakuweza tena kusimama, na kamyo ya kumpeleka haikupatikana. Nilituma habari bandarini. Protais alikuja na nguo za kazi, hakusalimu mtu, akapiga magoti, akamchukua mjomba wake mgongoni hadi lopitali. Mimi nilikuwa nyuma yao na blanketi. Nilimsikia Firmin akisema polepole: «Weye ungali na mabega ya bingwa.» Protais alikuwa analia, na mikono yake haikuwa huru kupangusa machozi. Tangu siku ile alifika lopitali kila jioni baada ya kazi.

Firmin alipokea sakramenti zote, akalala katika Bwana Jumamosi tarehe 9 Novemba 1957, asubuhi, Sabine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Sabine; watoto wake Honorine, Cyprien na Pétronille; wajukuu wanne; mimi dada yake; na mpwa wake Protais. Sévère Habonimana, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Luberizi, yuko pamoja nasi, amesimama pale nyuma. Ndugu, sogea mbele.

Asubuhi ya leo Protais alinikuta ninaandika. Aliniambia maneno ambayo hajapata kumwambia mtu, isipokuwa mjomba wake, lopitali. Ameomba niyasome kama alivyoyasema:

«Mama, weka mu ile karatasi: mujomba alihukumu sawasawa. Rauni za mwisho mikono yangu ilikuwa inarushwa tu, haikuwa inafika. Sévère alinishinda. Minye nilijua pale pale. Nilinyamaza kwa sababu bantu bengi walikuwa wananipenda. Soma kwa sauti, bote basikie.»

Nimeyaandika, na sasa nimeyasoma. Mdogo wangu Firmin, jina lako ni safi mbele ya watu kama lilivyokuwa mbele ya Mungu. Hakimu wa kweli akupokee, upumzike kwa amani.