Citoyen Uyirwoth na Ukuta wa Nyakasanza

Tarehe 30 Juni 1986, Citoyen, yaani Raia, Uyirwoth anaacha kazi ya ukaguzi wa nyumba za kupanga hapa Bunia, baada ya miaka ishirini na mitatu. Sisi wenzake wa ofisi tuliombwa tuandike maneno ya furaha ya kumwaga. Tutajaribu, lakini hasira ingalipo.

Alizaliwa upande wa Mahagi. Alikuja kwetu kijana, na mpaka leo anapiga hodi kwa nguvu kiasi kwamba akina mama wa mtaa wa Mudzipela hudhani ni askari. Kila mwenye nyumba alimwambia jambo lile lile: kumpa mtu ufunguo si mwisho wa kazi. Paa likivuja, ukuta ukipasuka, choo kikititia, wewe ndiwe wa kutengeneza. Na mpangaji humtupi nje kama takataka.

Mwaka 1979 alikagua nyumba ya mfanyabiashara Katsuva, kule mtaa wa Nyakasanza. Ndani waliishi fundi cherehani Mumbere na mke wake Kaswera. Ukuta wa chumba cha kazi ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini.

“Tulishamuambia mara mingi,” Kaswera alisema. “Anasema kama tunaogopa, tuhame.”

Uyirwoth alimfuata Katsuva dukani. Jibu lilikuwa fupi: “Nyumba iko yangu.”

“Iko yako, ndiyo. Na ukuta ikianguka, ile nayo iko yako.”

Katsuva alicheka. Mvua ya wiki ile ikauangusha ukuta juu ya Mumbere akiwa anashona. Mkono wake wa kulia ulisagika. Na Katsuva alikuja hospitali kufanya nini? Kumpa pole? Alikuja kumwambia Kaswera watoe vitu vyao, kwani mashine yao ndiyo iliyoharibu ukuta.

Uyirwoth alipeleka shauri mahakamani. Mkuu wetu wa wakati ule alimwita mbele yetu sote.

“Uache ile mambo. Katsuva iko mutu mukubwa.”

“Chef, nitaacha siku weye utakubali kulala mule na bibi yako na batoto.”

Sisi wengine tuliinamia karatasi zetu. Baada ya siku chache akahamishiwa Komanda, mahali ambapo hatukuwa hata na ofisi. Lakini kila shauri lilipotajwa, alipanda lori, akafika Bunia na vumbi hadi kwenye kope, akasimama mbele ya hakimu na kueleza alichokiona na alichomwambia Katsuva.

Katsuva alishindwa. Aliamriwa kulipia matibabu, kujenga ukuta kwa matofali ya kuchoma, na kuwaacha wapangaji wake wakae kwa amani. Ukuta ulijengwa. Mkono haukurudi. Leo Kaswera ndiye anayekanyaga cherehani. Mumbere hukaa kando na kumwonyesha mshono uende wapi. Koti atakalovaa Uyirwoth kwenye sherehe limeshonwa nao.

Na aliyemhamisha? Alipandishwa cheo. Uyirwoth alirudishwa Bunia mwaka 1983 kimya kimya, bila hata mtu mmoja kumwambia samahani. Siku hiyo hiyo aliomba baiskeli ya ofisi, akaenda kukagua vyoo vya Bankoko. Alirudi ananuka, akiimba.

Tusimpe makofi ya bure. Wenye nyumba wa aina ya Katsuva wangali wengi mjini, na baadhi yao watakuwa kwenye viti vya mbele siku ya sherehe, wakinywa bia yetu. Wamefurahi kwamba anaondoka. Tunawaomba wasifurahi mapema.

Muzee Uyirwoth, aksanti kwa kutoogopa pale tulipoogopa. Nenda Mahagi ukalime, ukapumzike, ukazeeke vizuri katika nyumba yako mwenyewe. Maisha yako yawe mema kuliko tulivyokutendea. Juma lililopita mama mmoja wa Saio alikuja kusema kwamba mwenye nyumba wake amemng’olea mlango. Jumatatu sisi tutakwenda kupiga hodi pale, kwa nguvu.