Silensie ya Papa Imetoboka

[Grrr-taka-taka-taka. Grrr-taka-taka. Prrrah!]

PRUDENT: Haloo? Ni nani? Haloo! Ni mashini ya kusaga mihogo iko inanipigia simu?

THÉODORE: Ni papa yako, mujinga weye. Niliweka simu kwenye bomba ya moshi usikie.

PRUDENT: Papa! Jambo, papa. Umeshinda—

THÉODORE: Nimeshinda. Ulisikia?

PRUDENT: Huku Mambasa mji muzima imesikia. Zima kwanza motere!

THÉODORE: Haya. [Motere inakohoa, inazimika.] Sema sasa, mekanisien. Ni nini?

PRUDENT: Ni silensie, ile ya kupunguza kelele ya moshi. Ile taka-taka ni mabati ya ndani yake, imeachana, inacheza. Na ile prrrah ni tundu. Kutu imeikula.

THÉODORE: Silensie naijua. Nilikuwa shofa wa parokia mbele weye uzaliwe. Tundu niliiona, nikaifunga.

PRUDENT: Uliifunga na nini?

THÉODORE: Na mukebe ya tomati. Na waya.

PRUDENT: [Anacheka.] Papa! Mukebe ya tomati?

THÉODORE: Tulifika Mahagi na mukebe kama ile, askofu akiwa amekaa nyuma. Hakusema kitu.

PRUDENT: Askofu alikuwa anasali mufike! Tundu iko upande gani? Kule nyuma kabisa?

THÉODORE: Hapana. Huku mbele, pale silensie inaungana na bomba. Chini ya kiti yangu.

PRUDENT: Chini ya kiti... Basi moshi haifiki nyuma. Inapanda ndani. Unasikia harufu?

THÉODORE: Kidogo. Weye ulikulia katika harufu ile.

PRUDENT: Siku zile vioo ilikuwa wazi. Papa, unaenda wapi na gari? Uliniambia tangu matanga hauiendeshi tena.

THÉODORE: Siendi popote.

PRUDENT: Sasa kwa nini unaiwasha?

THÉODORE: Batri ipate chaji.

PRUDENT: Kila jioni?

THÉODORE: Nani amesema kila jioni?

PRUDENT: Mama Vicky, jirani yako. Alinipigia. Anasema gari inanguruma uani, ndani ya lupango, mpaka watoto wake wanashindwa kusali, na haitoki hata kwenye mulango.

THÉODORE: Mama Vicky aangalie mbuzi zake. Zinakula nguo zangu kwenye kamba.

PRUDENT: Papa. Uko wapi sasa?

THÉODORE: Ndani ya gari.

PRUDENT: Na vioo?

THÉODORE: Nimefunga. Vumbi.

PRUDENT: Vumbi gani? Ninasikia mvua juu ya gari yako!

THÉODORE: Rezo ya simu iko inakata—

PRUDENT: Haikati! Kichwa inakuuma?

THÉODORE: Jioni tu. Asubuhi inaisha.

PRUDENT: Na usingizi?

THÉODORE: Ah, usingizi iko mzuri. Kule kitandani ninageuka-geuka kama mahindi kwenye makaa. Humu ninalala kama mutoto.

[Mkwaruzo wa rezo.]

PRUDENT: Papa... weye ni shofa. Unajua moshi ile inamufanya mutu nini.

THÉODORE: [Kitambaa inasugua kioo.]

PRUDENT: Haloo?

THÉODORE: Niko.

PRUDENT: Unajua ama haujui?

THÉODORE: Najua.

PRUDENT: Fungua mulango! Sasa hivi! Fungua, nisikie!

THÉODORE: Usinipigie kelele. [Mulango inalia. Mvua inakaribia.] Haya. Sasa miguu yangu inalowa. Umefurahi?

PRUDENT: Ilowe! Unafanya nini humo, papa? Nyumba iko na viti, iko na redio—

THÉODORE: Redio ya nyumba haina mahali pa kaseti.

PRUDENT: Kaseti gani?

THÉODORE: Ngoja.

[Kitufe. Mkwaruzo. Korali ya wanawake, mbali. Sauti moja inaanza mbele ya zingine.]

PRUDENT: Ile ni—

THÉODORE: Usitaje jina. Sikiliza kwanza.

PRUDENT: ... Ameanza mbele ya wenzake.

THÉODORE: Kama siku zote. Mwalimu wa korali alimugombeza mpaka akachoka. Akasema huyu mama atafika mbinguni mbele tufunge sala.

PRUDENT: [Kicheko.] Hata kula alikuwa ananiita vile vile. Mbele ugali iive.

THÉODORE: Unasikia sasa? Inashuka. Batri ni ya zamani. Bila motere haifiki ubeti ya pili, sauti yake inakuwa nzito, inakuwa kama ya mwanaume. Siwezi kumusikia vile, Prudent. Siwezi. Basi ninawasha motere.

PRUDENT: Na motere, na silensie imetoboka...

THÉODORE: Kelele yake inamufunika. Kwa hiyo ninafunga vioo na kupandisha sauti.

PRUDENT: Kwa nini haukunipigia?

THÉODORE: Kusema nini? Nimekupigia. Nimesema silensie.

[Korali inazidi kuwa nzito, inasimama.]

PRUDENT: Bon. Nisikilize. Kesho Katsuva wa kusude akuje kwako na mashini yake ya kuunga vyuma, azibe tundu. Gari isisogee. Na ile mukebe aitupe!

THÉODORE: Ile mukebe iko nzuri.

PRUDENT: Papa, aitupe! Na miye ninakuja na silensie na batri mupya. Utamusikiliza na motere imezimwa, vioo wazi, miguu mikavu.

THÉODORE: Batri peke yake? Bila motere?

PRUDENT: Batri peke yake. Kaseti inakula moto ya batri kidogo tu.

THÉODORE: Ah... Shofa anawaza motere tu.

PRUDENT: Shofa anawaza kama mekanisien hayuko.

THÉODORE: Lakini usikuje. Njia iko mubaya. Jana tena watu wa bunduki wamesimamisha magari.

PRUDENT: Nitafuata malori ya mbao, yakitembea pamoja.

THÉODORE: Prudent, njia ile—

PRUDENT: Njia ile ilinizuia mara moja! Nilisimama pale kwenye barrière na viatu vyeusi mukononi, nanyi mukamuzika bila miye. Haitanizuia tena. Inite ya simu yako ingaliko?

THÉODORE: Imenionya sasa hivi. Inaisha.

PRUDENT: Basi ahidi upesi. Ahidi hautawasha ile motere.

THÉODORE: Mutoto hawezi kumuapisha papa yake.

PRUDENT: Papa, ninakuomba!

THÉODORE: Kukuahidi weye, hapana.

PRUDENT: Papa!

THÉODORE: Nyamaza, inite inaisha, miye na weye tutaonana. [Kioo inashuka. Mvua.] Geneviève? Unanisikia? Mutoto yako yuko njiani, na hasira yake ni ile yako. Nakuahidi weye: sitawasha motere hii mpaka afike— [Simu inakatika.]